Huyu mama wa Kijapani kwenye gari anashushwaje sauti? Na yule wa ramani anapandishwaje?

KonaYaGoba
Wakuu, habari za jioni.

Nina Toyota IST, imekuja kutoka Japani na navi yake, ile skrini ya ramani, kwenye dashibodi. Kila nikiwasha gari kuna mwanamke anaropoka Kijapani kwa sauti ya mpiga debe wa Mbagala. Mimi natoka alfajiri, sasa mtaa mzima unajua saa niliyoondoka. Nimezungusha kitufe cha redio hadi sifuri, anaongea vilevile.

Upande wa pili, nabeba abiria wa mtandaoni, natumia Google Maps kwenye simu, nimeiunganisha na redio kwa Bluetooth. Huyu ninayemhitaji ndiye simsikii. Muziki unapiga vizuri, yeye ananong'ona. Nikiongeza sauti ili nimsikie, akinyamaza tu muziki unapasua masikio na abiria ananuna.

Fundi mmoja kaniambia dawa ni kung'oa redio yote niweke ya Android, laki nne. Kabla sijatoa hela nimeona nipite hapa kwanza.

ChaiYaTangawizi
Naweka kambi. Yangu Passo, yuleyule mama yumo. Mwanangu wa chekechea keshamkariri, akipanda tu wanasema kwa pamoja.

Chuma Chakavu
Mzoee tu mkuu. Huyo ndiye ushahidi kwamba gari ni la Japani kweli na halijapita mikononi mwa watu kumi hapa mjini.

FundiWaya
KonaYaGoba, usitoe hiyo hela. Hapo una watu wawili tofauti na unawatafuta wote kwenye kitufe kimoja.

Huyo anayeongea ukiwasha gari mara nyingi wala si navi. Ni kiboksi cha ETC, mfumo wa Japani wa kulipia barabara kuu bila kusimama getini. Kule ulisambazwa nchi nzima mwaka 2001, na magari mengi tunayoletewa yanacho. Dereva anachomeka kadi yake ya malipo, akipita getini mtambo unasomana na kiboksi kwa mawimbi, basi. Kadi isipokuwemo, kiboksi kinamkumbusha kila anapowasha gari: "ETC kādo ga sōnyū sarete imasen", kwamba kadi haijachomekwa. Kina spika yake humohumo ndani, hakipiti kwenye redio. Ndiyo maana umeshusha mpaka sifuri na yeye wala hana habari.

Jaribu hivi. Zima redio kabisa, zima gari, washa upya. Akiongea na redio imezimwa, ni kiboksi. Mfuate kwa sikio: mara nyingi yuko chini ya usukani karibu na goti la kulia, au ndani ya droo ya mbele ya abiria, na kwenye magari mengine kafichwa juu kwenye kikinga jua. Ni kidude kinachoenea kiganjani, kina mwanya wa kadi na taa ndogo. Kina vitufe viwili vitatu. Kimoja kina alama ya spika au kimeandikwa 音量, yaani kiwango cha sauti. Kibonyeze huku swichi ya ufunguo iko mahali pa redio. Kila ukibonyeza, sauti inahama ngazi moja, na vingi ngazi ya mwisho ni kimya kabisa.

Hakuna laki nne hapo. Hakuna hata mia.

Chuma Chakavu
Fundi unazunguka sana. Mimi cha kwangu nilikata waya, kazi ikaisha siku hiyohiyo.

FundiWaya
Usimwambie mtu akate waya chini ya usukani, mkuu. Pale pale zinapita waya za eabegi. Ukiona plagi ya njano au waya zimefunikwa njano, toa mkono. Eabegi si kitu cha kujaribia na koleo.

Anayetaka kukiondoa kabisa kiboksi, kina plagi yake nyuma. Zima gari, kivute taratibu, mara nyingi kimebandikwa kwa gundi ya pande mbili tu, chomoa plagi, funga ncha kwa tepu, rudisha. Na msihangaike kutafuta fyuzi yake. Wengi waliofunga kule wamedokoa umeme kwenye waya wa redio au wa kiwashio cha sigara, kwa hiyo ukitoa fyuzi unanyamazisha na vitu vingine visivyokuwa na kosa.

MkambaWaMlolongo
Swali kutoka Kenya, boss. Huku tuna Nairobi Expressway, kutoka huku kwetu Mlolongo mpaka Westlands, na wanatumia ETC pia. Hicho kiboksi cha Japan siwezi kukisajili nipite nacho?

FundiWaya
Hapana ndugu yangu. Jina la teknolojia ni moja, lakini kiboksi cha Japani kimesajiliwa na kufungiwa mfumo wa kule. Barabara yenu inataka kifaa chake, unakipata kwa waendeshaji wake, kinafungwa kwenye kioo cha mbele na unakiwekea salio. Cha Japani kwako ni pambo. Sisi huku hata Daraja la Kigamboni lina tozo na bado halina habari nacho.

MkambaWaMlolongo
Sawa, asante. Nilikuwa nimekitunza vizuri nikidhani nina mali.

MamaWaPacha
Mbona swali la pili mmelipita? Mimi ndilo lililonileta. Sauti ya Google Maps haisikiki ndani ya gari na simu nimeongeza mpaka mwisho.

FundiWaya
Nilikuwa nakuja huko, dada.

Redio ya gari haina sauti moja. Ina ya muziki, ina ya simu inayopigwa, na nyingi zina ya maelekezo peke yake. Kitufe ni kimoja, lakini kinaongoza ile inayotoka wakati huo. Ukikizungusha muziki ukiwa unapiga, umebadilisha muziki tu. Kwa hiyo anzisha safari yoyote, msubiri aanze kusema, na neno likiwa bado mdomoni mwake ndipo uzungushe. Redio inakumbuka. Kuanzia hapo yeye ana kiwango chake na muziki una wake. Android Auto na CarPlay, ile mifumo ya kuleta simu kwenye skrini ya gari, iko hivyo, na navi nyingi za kiwandani za magari ya Ulaya pia. Bluetooth tupu kwa kawaida haiko hivyo, muziki na maelekezo vinapita njia moja, kwa hiyo wenye hiyo watumie kiwango cha humo Google Maps ninachokitaja hapa chini.

Tatizo sentensi zake ni fupi, hajamaliza "geuka kushoto" wewe ndiyo unatafuta kitufe. Ingia Google Maps, gusa picha yako pale juu, fungua mipangilio, tafuta sehemu ya uelekezaji. Humo kuna sauti ya majaribio ya kupiga mara nyingi utakavyo. Humohumo kuna kiwango cha sauti ya maelekezo chenye daraja tatu: ndogo, kawaida, kubwa. Weka kubwa. Hicho hakibadilishi sauti ya muziki, ni cha yeye tu.

Fanyeni haya gari likiwa limesimama.

MamaWaPacha
Nimeweka kubwa, nimeona tofauti kwenye simu. Lakini nikiwa nasikiliza redio, yaani FM yenyewe, simsikii kabisa. Nikihamia Bluetooth anarudi.

FundiWaya
Hapo hakuna ubovu. Simu inapeleka sauti kwa Bluetooth, lakini wewe umeiambia redio isikilize FM, kwa hiyo anaongea mlangoni na hajafunguliwa. Redio za kisasa zinajikatiza zenyewe akianza kuongea, za zamani hazijui. Una njia mbili. Uache redio kwenye Bluetooth na usikilize vituo kupitia simu, utakula bando. Au kwenye hiyohiyo sehemu ya uelekezaji kuna swichi ya kupitisha sauti kwenye Bluetooth, izime. Ukizima, maelekezo yatatoka kwenye spika ya simu yenyewe na FM inaendelea. Simu ukiiweka kwenye kishikio karibu na usukani inatosha kabisa.

Hata kama unatumia Bluetooth muda wote, kuna watu wanalalamika anakula maneno ya mwanzo, unasikia tu "...mia mbili, pinda kulia". Hiyo ni Bluetooth inachelewa kuamka pale ambapo hakuna muziki unaopita. Spika ya simu haina ugonjwa huo.

Dereva Mstaafu
Nyie vijana mmekuwa watumwa wa hivi vidude. Sisi tumeendesha Dar kwenda Mwanza na malori, ramani ipo kichwani, ukipotea unashusha kioo unauliza. Zima sauti zote, jifunze njia.

MamaWaPacha
Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, unayesema azime sauti humwondolei ramani, unamfanya aitazame. Mtu anatoka Mwenge anataka Kimara, anafika Ubungo ameinamia simu mapajani kuona apande daraja au abaki chini. Akipanda tayari yuko Mandela anaelekea Buguruni. Akisikia kwa sikio macho yanabaki mbele. Na kushusha kioo kuuliza njia saa tano usiku ukiwa mwanamke peke yako garini ni habari nyingine.

Dereva Mstaafu
Marahaba binti. La usiku nimekuelewa. Ila mchana mtu wa Dar hana sababu ya kuelekezwa Kariakoo.

FundiWaya
Mzee wangu kuna ya katikati itakayokufaa. Safari ikiwa inaendelea, pembeni ya ramani kuna alama ya spika, ukiigusa inatoa hali tatu: aseme yote, anyamaze, au atoe tahadhari tu. Hiyo ya tatu haikwambii pinda kulia pinda kushoto, inasema pale tu kuna jambo, kama foleni mbele au njia imebadilika. Na msiwe wepesi kulaumu simu, nusu ya wanaosema "sauti imepotea" waliigusa alama hiyo kwa kidole bila kujua.

KonaYaGoba
Fundi, nimekipata kiboksi! Kipo palepale kwenye goti, miaka yote hii nadhani ni kitu cha alamu. Nimebonyeza mara kadhaa amenyamaza, taa inawaka tu. Na Google Maps nimeweka kubwa kama ulivyosema, sasa hivi namsikia juu ya muziki bila kugusa chochote.

Lakini sasa baada ya yule kunyamaza nimegundua kuna wa pili! Huyu anatoka kwenye navi yenyewe, anaongea mstari mmoja mrefu skrini ikifunguka.

Bin Unguja
Huyo wa pili anakutajia tarehe, shekhe. Navi nyingi zikiwaka zinasema leo mwezi fulani, tarehe fulani, siku fulani. Na msishangae zikidanganya. Hesabu ya wiki kwenye GPS inafika 1,023 halafu inaanza upya sifuri, na ilianza upya Aprili 2019. Navi za zamani ambazo hazikutengenezwa kulijua hilo zimerudi nyuma karibu miaka ishirini. Ya kwangu kwenye Noah inaamini bado tuko miaka ile.

Nna jambo jengine hapohapo lakini. Saa ya navi yangu haijawahi kubadilishwa, inasoma saa za Japani. Wao wako mbele yetu saa sita. Kwa hivyo asubuhi ikifika saa moja, navi inaandika 1:00. Saa mbili, inaandika 2:00. Mchana kutwa inasoma saa ya Kiswahili sawasawa na mimi sijaigusa!

ChaiYaTangawizi
Ngoja. Ngoja kwanza. Nimetoka nje kuangalia. NI KWELI. Tumekuwa tukihangaika kurekebisha saa wakati Mjapani ameshatuwekea.

Chuma Chakavu
Yangu inaandika 13:00 saa moja asubuhi. Mmenidanganya.

Bin Unguja
Yako ipo kwenye mtindo wa saa 24. Tafuta pa kubadilisha iwe 12.

BujaKwaBuja
Huku Bujumbura haikubali ndugu zangu, sisi tuko nyuma yenu saa moja. Navi inatuzidi saa saba. Na jirani zetu wa Bukavu na Kigali ni hivyohivyo. Hii bahati ni yenu watu wa Tanzania, Kenya na Uganda.

FundiWaya
Turudi kwenye mada kabla uzi haujahamishwa. KonaYaGoba, wa pili huyo yuko ndani ya navi, kwa hiyo sauti yake inashushwa ndani ya navi. Kwenye baadhi, kitufe cha redio kinamfikia akiwa anaongea, jaribu kwanza. Ikigoma, ingia menyu. Huna haja ya kujua Kijapani, tambua sura tu. 設定 ni mipangilio. Ndani yake tafuta 音量, zilezile alama mbili za kwenye kiboksi, ni kiwango cha sauti. Ukiona 案内 mbele yake, 案内音量, hapo ndipo penyewe, ni sauti ya maelekezo. 大 ni kubwa, 小 ni ndogo, 消音 ni kunyamazisha. Zikikuchanganya, fungua Google Translate, elekeza kamera kwenye skrini, inakugeuzia maandishi palepale.

Kwenye baadhi ya Toyota ETC imeunganishwa na navi, kiboksi hakina spika na onyo la kadi linatokea kwenye redio. Wenye hizo hawatapata kitufe cha kubonyeza, wao nao waingie 設定, watafute herufi ETC, zimeandikwa kilatini kabisa, wazime onyo humo.

MbeyaKwetu
Mimi tayari nimeshang'oa ya Kijapani nikaweka ya Android, ile skrini kubwa ya Kichina. Tatizo langu ni kinyume chenu. Google Maps akiongea, muziki unakatika kabisa, anamaliza, unarudi kwa kishindo. Nikizunguka mitaa ya mjini, sisikii wimbo hata mmoja ukaisha.

FundiWaya
Kwenye hizo ingia mipangilio ya gari, si ile ya Android ya kawaida, tafuta sehemu ya navigesheni. Kwanza uiambie programu yako ya ramani ni ipi, nyingi hutoka kiwandani zimechaguliwa nyingine ambayo hata hutumii. Pili kuna swichi ya kuchanganya sauti. Ikiwa imezimwa anakata muziki, ikiwashwa muziki unajishusha tu na yeye anapita juu yake. Chini yake kwa kawaida kuna mstari wa kuburuta, ndiyo kiasi ambacho muziki utashuka. Weka katikati, endesha kidogo, halafu urekebishe. Majina ya menyu hayafanani redio kwa redio, ila kitu chenyewe kipo.

Bin Unguja
Na mimi la kwangu fundi. Navi ya Noah, mbali na tarehe, muziki unapiga kotekote lakini mama wa navi simsikii ila kwa mbali sana, kama yuko chumba cha pili. Kwenye menyu sauti nimeweka mwisho.

FundiWaya
Fungua mlango wa dereva, weka sikio kwenye spika yake, piga muziki. Inalia?

Bin Unguja
Wallahi hailii. Inakwaruza tu. Sikuwahi kujua kwa sababu nyengine zinapiga.

FundiWaya
Ndiyo hiyo. Navi nyingi za kiwandani zinapitisha maelekezo kwenye spika ya mbele upande wa dereva peke yake, ili abiria wasisumbuliwe. Spika hiyo ikifa, muziki unaendelea kwingine na wewe hustuki, lakini navi inakuwa bubu. Maji ya mvua yanashukia kwenye kioo cha mlango, nailoni ya ndani ikichanika yanaidondokea spika, karatasi yake inaoza. Badilisha spika moja tu, na ukifungua mlango uibandike upya ile nailoni. Usimruhusu fundi airudishe imening'inia.

MtuWaMutrah
Salamu kutoka Muscat. Mimi gari zangu zote za Ghuba, zikifika kilomita 120 zinaanza mlio ting ting ting usiokoma. Nimetafuta sauti yake kwenye menyu yote sioni. Inashushwa wapi?

FundiWaya
Hiyo haitoki kwenye redio, ni ya dashibodi ya mita, imewekwa kwa magari ya soko la Ghuba. Inashushwa kwa mguu wa kulia, kaka.

MtuWaMutrah
Hahaha haya. Mke wangu kasoma jibu lako, umempa nguvu.

MbeyaKwetu
Fundi barikiwa. Ile swichi ilikuwa imezimwa. Sasa muziki unainama tu.

KonaYaGoba
Nami nimeona 案内音量, nimeshusha. Kimya. Swali la mwisho: betri yangu imechoka, nabadilisha wiki hii. Nikitoa betri hivi vitu vyote vitarudi vilivyokuwa?

FundiWaya
Vinaweza kurudi, na hilo ndilo dogo. Baadhi ya redio za Toyota ukizikatia umeme zinajifunga. Zikiamka zinadai namba ya siri au zinadai kadi ya SD ya ramani, ambayo pengine ilichomolewa kitambo. Hapo redio haifanyi kazi kabisa, wala sauti wala picha ya kamera ya nyuma. Angalia sasa hivi kama kadi ya SD imo kwenye mwanya wake, na usimpe mtu yeyote aifute awekee nyimbo. Halafu siku ya kubadilisha mwambie fundi wa betri akushikizie umeme kwa betri ya pembeni kabla hajalegeza nati, ni kazi ya dakika chache. Ikishajifunga usibahatishe namba. Piga picha skrini inayoonyesha namba ya redio, kuna mafundi wanatoa namba ya kufungulia kutokana na hiyo. Gerezani pale Kariakoo hukosi.

ChaiYaTangawizi
Hii ya kadi ya SD ingekuwa uzi wake peke yake. Yangu imejaa singeli.

FundiWaya
Basi wewe usiguse betri mpaka tuongee. Njoo inbox.

Chuma Chakavu
Na redio kushika mpaka 90 tu? Vituo vyote vya maana viko juu huko.

FundiWaya
Masafa ya Japani yanaanza 76, ya kwetu yanafika 108. Kuna kifaa kidogo cha kuteremsha masafa kinachochomekwa kwenye waya wa antena. Fungua uzi wake, nitakuja huko na picha.